Mdomo Mwembamba wa Bomba la Rangi

Zama za vita kuu ya pili ungemkuta Changamwe mtu wa makamo aitwaye Erastus Mwarandu, mikono yake ya kijivu mpaka viwikoni. Sabuni ya mche haikuuondoa ukijivu ule, mchanga haukuuondoa, wala malalamiko ya mkewe Kahaso, aliyesema amechoka kumpikia mzimu. Majirani zake wa mtaa wa Chaani walikuwa na kazi za kueleweka: huyu mpakuzi wa shehena bandarini Kilindini, huyu mtu wa reli, huyu mpishi wa wanajeshi. Mwarandu akiulizwa alijibu, "Napaka rangi meli," na watu wakamwitikia kwa heshima, mpaka mmoja wao alipogundua kwamba meli zenyewe ni za mti, na iliyo kubwa kabisa hailingani na mkono wa mtu toka kiwikoni hadi ncha ya kidole. Basi walimcheka, na Jumapili baada ya ibada wakamcheka tena.

Acha wacheke. Kazi ilikuwa kazi, na mimi namjua mpakuzi mmoja kati ya hao waliocheka aliyeangusha kasha zima la chai majini. Nyuma ya seng'enge, si mbali na kiwanja cha ndege, jeshi lilikuwa na karakana ya mabati ambamo mafundi waliunda mifano ya meli na ndege, za adui na za rafiki, kila kitu kwa kipimo chake, ili walinzi wa pwani na wapiga mizinga wazisome kama watoto wanavyosoma herufi. Mtu asiyeweza kutofautisha meli ya rafiki na ya adui, ukimpa mzinga umejitakia msiba. Wafula, mtu wa bara mwenye kifua kipana na maneno machache, alichonga na kupiga msasa. Mwarandu alipaka rangi. Juu yao alikuwapo sajini mmoja Mwingereza, mwembamba, shingo nyekundu, aliyejifunza neno "polepole" kabla ya maneno mengine yote ya Kiswahili na kulitumia kwa kila jambo, hata alipotaka kazi iende mbio. Walimwita Bwana Polepole, naye alilijua jina hilo na wala hakukasirika.

Kabla ya vita Mwarandu alipaka magari katika karakana ya Mhindi mmoja kisiwani, kwa bomba kubwa lililonguruma na kumwaga rangi bila haya. Bomba alilopewa na jeshi lilikuwa kitu kingine kabisa. Lilishikwa kama kalamu. Kikombe chake cha rangi hakikuzidi kifuniko cha chupa, ndani mlikuwa na sindano, na juu palikuwa na kitufe cha kubonyeza kwa kidole cha shahada. Upepo ulitoka kwenye pampu ya mguu, nayo pampu aliikanyaga Wafula. Ukibonyeza, upepo unapita. Ukivuta kitufe nyuma, sindano inarudi na rangi inafuata. Na mbele kabisa, pale rangi inapotokea, palikuwa na kipande cha shaba kidogo kama punje ya mchele, cha kufunga na kufungua, chenye tundu. Huo ndio mdomo. Midomo ilikuwa mitatu, na kuijua ipi ya kufunga lini ndiyo kazi yenyewe. Mengine ni kukanyaga pampu.

Mdomo mpana unakula rangi nzito, unataka upepo mwingi, na unataka ukae mbali na kitu unachokipaka. Kwa huo utamaliza ubavu mzima wa meli kabla Wafula hajabadilisha mguu. Lakini hauna adabu. Uelekeze kwenye mlingoti, utapaka mlingoti, sitaha, meza na shati la jirani. Mdomo wa kati ndio mtu wa watu. Unaikubali rangi iliyolegezwa kidogo, unapiga mstari wa kadiri, unapaka yale mabaka ya kumdanganya adui baharini, na haukuletei kisirani. Mdomo mwembamba sasa, huo ni bibi harusi. Rangi yake uilegeze kwa tapentaini mpaka iwe kama maziwa yaliyotiwa maji, kisha uichuje kwa kitambaa cha melimeli, maana chembe moja tu ya uchafu inauziba. Upepo uwe mdogo. Mkono uusogeze mpaka pabaki upana wa kidole kati ya tundu na mti. Siku za mvua, hewa ikibeba maji, mdomo huo unatema mate ya rangi na kukuharibia kazi ya asubuhi nzima. Siku za jua kali rangi inakauka kwenye ncha ya sindano, na kila mara usimame uibandue kwa ukucha. Ukiuvumilia yote hayo, unakupa mstari mwembamba kama unywele. Usipouvumilia, unakupa maradhi ya moyo.

Kwa hiyo Mwarandu alikuwa na mafundisho yake, na aliyatoa hata kwa asiyeuliza. "Kitazame kitu, itazame siku, kisha ujitazame mwenyewe. Kimoja kati ya hivyo kikisita, chukua mdomo wa kati." Wafula aliyasikia mara nyingi hata akawa anayatamka naye kwa midomo bila sauti.

Mwarandu na Kahaso walikuwa na mtoto mmoja. Niseme vizuri: walizaa zaidi, lakini wengine walitangulia wakiwa wachanga na wamelala huko Kaloleni walikotoka wazazi wao. Aliyekua ni Ngumbao. Alikua hasa, akampita baba yake kimo, akaingia jeshini upande wa mizinga. Mwanzo wa mwaka wa arubaini na nne, wakati kaskazi inavuma na nguo zinakauka kabla hujamaliza kuzianika, alikuja Chaani kula chakula cha mchana, amevaa kofia ya jeshi iliyokunjwa ukingo upande mmoja. Kahaso alimchinjia kuku, akamtazama akila, akakataa kula yeye mwenyewe. Baba alipomsindikiza mpaka njia kuu, Ngumbao alimwinamia sikioni.

"Baba, twaondoka kesho. Meli yenye dohani mbili, ya nyuma fupi kuliko ya mbele. Usimwambie mama. Hata wewe sikupaswa kukwambia."

"Mwaenda wapi?"

"Hatujaambiwa. Wengine wasema Bama, kupigana na Wajapani."

Kesho yake Mwarandu aliomba ruhusa ya kwenda kununua tapentaini, akasimama mtelemkoni panapoonekana maji, akaiona ikipita kwenda zake: dohani mbili, ya nyuma fupi, sitaha imejaa watu hata haikuonekana rangi yake. Aliinua mkono. Kisha akaona aibu, kwa sababu hakuna ambaye angeweza kumwona, akaushusha.

Siku chache zikapita, Bwana Polepole akaja karakanani na picha mpya. Aliibandika ukutani, akasema meli hii ni ya rafiki, walinzi wote waijue. Wafula akachukua kipande cha mvule akaanza kupima. Mwarandu alikuwa akisafisha sindano. Aliinua macho, akaziona dohani mbili, ya nyuma fupi. Siku zote Wafula alipokuwa akichonga, Mwarandu alikuwa akiinuka akaenda kuupapasa ule mti, akarudi, hata Wafula akamwuliza kama amepoteza kitu.

Siku ya kupaka rangi ikafika, na mvua ya nje ya msimu ikafika nayo. Bati lilikuwa likilia, hewa nzito, kila kitu kinanata. Ubavu ulipigwa kwa mdomo mpana, mabaka kwa mdomo wa kati, hayo hayakuwa na mjadala. Yakabaki madirisha ya pembeni, yale ya mviringo, madogo kuliko mbegu za wimbi, safu juu ya safu.

"Mzee, endelea na wa kati," Wafula alisema. "Leo mvua. Ule mwembamba utatema."

"Mdomo kati, Mwarandu," Bwana Polepole akasema kutoka mlangoni. "Hapana lazima kila dirisha. Piga mstari tu. Polepole, polepole." Maana yake upesi.

Walikuwa na haki wote wawili. Mlinzi aliye juu ya mnara haoni madirisha, aona umbo. Mwarandu alikitazama kitu, kikasema mdomo wa kati. Aliitazama siku, nayo ikasema wa kati. Alijitazama mwenyewe, akaona vidole vinamtetemeka, na hapo mafundisho yake yote yalimwambia jambo moja. Lakini alifikiri hivi: mdomo wa kati utayafanya madirisha kuwa ufito mmoja mweusi, na mwanangu yumo ndani ya dirisha moja kati ya hayo, nitajuaje lipi. Basi alifungua mdomo wa kati, akafunga ule mwembamba.

Alishinda nao kutwa. Ulitema, akafuta, akaanza tena. Uliziba, akautoa, akaupuliza kwa kinywa chake mwenyewe mpaka tapentaini ikamchoma ulimi. Wafula alikanyaga pampu kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto, na hakulalamika, ingawa mguu ulimfa ganzi. Jioni ilipokaribia madirisha yote yalikuwapo, kila moja peke yake. Na kwa kuwa mkono sasa ulikuwa umetulia, na rangi ya kaki ilikuwa imesalia kidogo kwenye kikombe, Mwarandu aliusogeza mdomo kwenye sitaha, karibu na dohani fupi, akamweka mtu. Alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Alikuwa na miguu miwili, mkono mmoja ulioinuliwa, na kofia iliyokunjwa ukingo upande mmoja. Mwarandu alicheka peke yake kwa furaha.

Furaha ile alienda nayo nyumbani, na huko ndiko alikokosea. Laiti angeila peke yake. Alipoketi na kuwekewa sima na mchicha, siri ya jeshi ikamtoka yote: dohani, picha, madirisha, mtu.

Kahaso alianza kwa kutabasamu. "Ana miguu?"

"Ana miguu. Ana mkono, anatupungia. Hata kofia anayo, vile vile alivyokuja nayo."

Mwiko ukasimama hewani. Kahaso aliuweka chini taratibu, akajifuta mikono kwa leso.

"Baba Ngumbao. Umemtia mwanangu kwenye mti?"

Lazima uelewe Kahaso ni mtoto wa nani. Baba yake alikuwa mchonga vigango huko Ugiriamani, fundi wa ile miti ambayo wazee huchongewa wakishafariki, na pia vijiti vya koma, yaani roho za wafu, kwa watu wa kawaida. Kahaso alikulia kwenye mabanzi ya kazi hiyo. Alimwona baba yake akiwarudisha watu waliokuja na haraka zao. Hakukubali kutia patasi kwenye mti mpaka mtu awe amezikwa, na awe amekuja kumlilia mmoja wa jamaa zake ndotoni kwamba ana baridi. Mti wa mtu haumtangulii mtu mwenyewe. Anayemwekea mti aliye hai amemwonyesha njia ya kwenda.

"Mimi sikuchonga," Mwarandu alisema. "Amechonga Wafula. Tena amechonga meli. Mimi nimepaka rangi tu."

"Mti una umbo, una kofia yake, una mkono wake. Mtu anapumua, wewe ushamwekea mti!"

"Kahaso, sisi ni Wakristo."

"Mimi nimebatizwa, ndiyo. Na huo mti wako, ulibatizwa?"

Mwarandu alitazama sahani yake. Kahaso hakupiga kelele tena. Alisogea karibu, akamshika kifundo cha mkono ule wa kijivu. "Sina mwingine. Wajua sina mwingine. Kesho ukifika, kabla ya kuvua kofia, kamfute."

Alifika asubuhi kabla ya wenzake, na meli haikuwapo. Gari la jeshi lilikuwa limeichukua kwenda kwenye chumba cha mafunzo kisiwani, imefungiwa kabatini. Mwarandu alimngojea Bwana Polepole mlangoni, akamwomba meli irudishwe, akadai kuna kosa anataka kulirekebisha.

"Kosa gani?" Bwana Polepole alicheka, akampiga bega. "Hapana kosa! Wakubwa natazama, nacheka, nafurahi sana. Mtu kidogo na kofia! Nasema hii fundi ya kweli. Hapana futa. Wewe fanya ingine kama hiyo."

Hivyo ndivyo alivyosifiwa, na kila sifa ilimwingia kama mwiba. Angeweza kueleza? Angeanzia wapi? Ajieleze kwa Mzungu juu ya vigango, na kwa lugha gani, na baada ya hapo aulizwe alijuaje mwanawe yumo kwenye meli ipi. Alisema, "Ndiyo, bwana," akaenda kuchuja rangi.

Kuanzia hapo kila jioni ilikuwa na swali lake. Hajavuka kizingiti, Kahaso anauliza, "Umemfuta?" Naye anajibu, "Bado." Mara ya kwanza alieleza sababu. Baadaye aliacha kueleza. Habari za Ngumbao hazikuja, wala za kikosi chake. Waliokuwa na vijana wao kwenye kikosi kile waliulizana kanisani kwa macho. Kahaso alikonda. Alisali sana, magoti yake yakaota sugu, na akitoka kwenye sala aliuliza lile swali lile lile. Mwarandu alianza kwa kujiambia kwamba haya ni mambo ya wazee wa zamani na yeye ni mtu wa Injili. Lakini siku zilivyozidi kwenda kimya, na yeye akaingiwa na hofu. Akiwa kazini alijikuta akishika ule mdomo mwembamba kati ya vidole viwili, akilitazama tundu lake kwenye mwanga. Kama angechukua wa kati! Kwa mdomo wa kati yule mtu angekuwa doa tu, uchafu tu kwenye sitaha, na hakuna ambaye angeweza kumwita mtu, hata baba mkwe afufuke. Aliwatii wanadamu wote maisha yake, Mhindi, jeshi, mchungaji. Siku moja tu alichagua mwenyewe, tena kitu kidogo kama punje ya mchele, na akachagua vile. Aliogopa, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa.

Masika yalipoanza kweli, asubuhi moja Bwana Polepole aliingia amebeba kitu kilichofungwa kwenye blanketi. Alikiweka juu ya meza ya Mwarandu, akakifungua. Ilikuwa meli yenye dohani mbili.

Mwarandu karibu amshike Mzungu mkono. Imerudi! Sasa angeweza kumfuta, amalize, aende nyumbani na jibu.

"Paka kijivu," Bwana Polepole alisema. "Yote. Mabaka toa, madirisha toa, yote kijivu. Mdomo pana. Gari nakuja saa sita."

"Vyema, bwana. Inabadilishwa rangi baharini?"

"Hapana. Sasa itakuwa meli ingine. Dada yake. Sura moja, rangi ingine."

"Na hii yenyewe, bwana, walinzi hawaisomi tena?"

Bwana Polepole alikunja blanketi. Alilikunja vizuri, pembe kwa pembe, kisha akalikunjua akalikunja tena. "Hii yenyewe," alisema, "hapana lazima kusoma tena."

Wafula aliacha kupiga msasa. Mvua ilisikika juu ya bati.

"Bwana," Mwarandu alisema, "mwanangu yumo."

Sajini alimtazama. Akaitazama meli, akamtazama yule mtu wa kaki karibu na dohani fupi, mkono juu, kofia upande. Ungeona wekundu ukimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Alifungua kinywa, na ile "polepole" yake haikuja.

"Huyu?"

"Ndiye."

"Mimi hapana sema, Mwarandu. Mimi hapana ruhusa kusema. Mimi hapana jua nani ... pengine watu wengine ... " Aliacha. "Hapana ruhusa," alirudia, akatoka nje akasimama kwenye mvua bila kofia, akiwageuzia mgongo. Nasema yale niliyoelezwa: alikuwa mtu mzima, mwenye bastola na mistari mitatu begani, na hakuwa na uwezo wa kufanya lolote zaidi ya Mwarandu mwenyewe.

Mwarandu alitengeneza rangi. Aliilegeza kwa tapentaini, akaichuja kwa melimeli mara mbili, na Wafula alipoona inavyochujwa alijua ni mdomo upi unaokuja. Kazi ya kufumba na kufumbua kwa mdomo mpana, mzee anataka kuifanya kwa mwembamba.

"Mzee, nipe mimi nifanye," Wafula alisema.

"Wewe kanyaga."

Akakanyaga. Mwarandu alianzia tezi, nyuma ya meli. Alilifunika dirisha moja, akapumzisha kidole, akalifunika jingine. Wengine hukaa matanga, wengine hulia, wengine hunyoa nywele. Kwake yeye hakukuwa na maiti, hakukuwa na tangazo, hakukuwa na ruhusa hata ya kusema kwamba kuna msiba, na kilichokuwa mkononi mwake ni tundu lile. Alipita safu ya chini, akapita ya juu, akapanda sitahani. Siku hiyo mdomo haukutema hata mara moja, mvua yote ile. Aliizunguka dohani ndefu, akaizunguka fupi. Kabla ya saa sita meli nzima ilikuwa ya kijivu isipokuwa kipande cha sitaha kisichozidi ukucha wa mtoto, na katikati yake amesimama yule mtu.

Hapo mkono ukagoma. Alisema sindano imeziba. Akaitoa, akaisafisha, akairudisha, akasema imeziba tena. Haikuwa imeziba. Kwa miezi yote ile mkewe alimwomba amfute huyu mtu, naye aliomba kwa Mungu na kwa Mzungu apewe nafasi. Sasa amepewa, na anaona kwamba hili ndilo kaburi pekee ambalo Ngumbao analo duniani, na ni yeye anayetakiwa kulifukia. Wafula alikuwa akilia wazi wazi, mguu ungali kwenye pampu.

Honi ya gari ikalia langoni. Bwana Polepole akaingia, maji yakimchuruzika usoni. Alisimama nyuma ya Mwarandu muda kidogo, akaona kilichobaki. Kisha akalichukua bomba kutoka mkononi mwake, kwa upole, kama unavyomwondolea mgonjwa kikombe. Akaufungua mdomo mwembamba, akafunga mpana. Akamwambia Wafula akanyage, na Wafula akaondoa mguu kwenye pampu akaenda kusimama ukutani. Basi sajini alikanyaga mwenyewe, kwa kiatu chake cha jeshi. Alipitisha mkono mara moja. Ulikuwa mwendo mfupi sana, na baada yake hakukuwa na mtu yeyote kwenye sitaha. Meli ikafungwa kwenye blanketi rangi ikiwa bado mbichi, ikachukuliwa.

Jioni Mwarandu alitembea kurudi Chaani kwenye tope. Njiani alipanga maneno. Angemwambia Kahaso, "Keti." Angemwambia, "Sikuambiwa, lakini najua." Lakini anajua nini? Mzungu amekunja blanketi mara mbili. Je, ukiwaketisha watu matanga kwa sababu ya blanketi, na kijana akatokea akiwa hai, utakuwa umemfanya nini? Na kama yuko chini ya maji, ukikaa kimya, atamwendea nani kulia baridi? Kila upande alioshika ulimponyoka. Alifika mlangoni maneno yote yamekwisha.

Kahaso alikuwa akipepeta mchele. "Umemfuta?"

Alikuwa amezoea mno kuuliza, hata hakuinua kichwa.

"Amefutwa," Mwarandu alisema.

Ungo ukatua chini. "Amefutwa? Kabisa? Hata kofia?"

"Hata kofia. Leo kabla ya saa sita. Hakuna kitu tena."

Kahaso alisimama, akajishika kichwa kwa mikono miwili, na kicheko kikamtoka, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu kaskazi. Alimkumbatia mumewe na mikono yake ya kijivu, akamwita baba, akamwita fundi. "Basi njia yake imefunguka! Sasa atarudi, Baba Ngumbao, atarudi! Wallahi moyo wangu ulikuwa umefungwa kamba hapa." Na machozi yakimtiririka alienda kuwasha moto, akatia mchele wote chunguni, hata ule wa kesho, akakaanga kitunguu, akawa anaimba wimbo wa kanisani huku akikosea maneno. Mwarandu alikaa kwenye kigoda akamtazama. Mara mbili alifungua kinywa.

Chakula kikawekwa. Kahaso akajifunga leso vizuri, akakaa, akakunja mikono yake kifuani, akafumba macho.

"Omba wewe leo," alisema. "Nilikuwa naomba kwa kulalamika tu kila siku. Leo mshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Sema kwa sauti, nisikie."

Mwarandu alisubiri labda Mungu amzibe kinywa. Hakuzibwa. Akainamisha kichwa, akashukuru, kwa sauti, mpaka mkewe aliposema amina.